Kifafa na Shahidi Asiyeulizwa

Katika kila hukumu iliyo njema, shahidi aliyeliona jambo kwa karibu huulizwa kwanza, na yule aliyelisikia kwa mbali huulizwa baadaye. Kifafa ni kesi iliyohukumiwa kinyume cha kanuni hiyo. Watu waliosimama kando, waliomwona mwenzao akianguka, akikaza viungo na kutokwa na povu, ndio walioulizwa tangu kale. Wao walitaja sababu ya maradhi, na wao walipitisha amri ya namna ya kukaa na mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe hakuulizwa kitu. Alidhaniwa hana la kusema, kwa kuwa fahamu zake zilikuwa zimemwondoka. Dhana hiyo ni kosa, na gharama yake hulipwa kwa ngozi na kwa roho za watu, hata katika mkoa wa Morogoro ambao kisa chake kinastahili kusomwa na kila mwanafunzi.

Jina lenyewe la maradhi hushuhudia kosa hilo. Msikilizaji wa Kiswahili hawezi kulitamka neno kifafa asisikie kufa ndani yake. Ni jina la mtazamaji. Yeye aliyesimama nje aliona kifo kidogo kilichokuja na kupita, akakiita hivyo. Lakini wagonjwa wengi hawaanzii katika kifo hicho. Huanzia katika uhai ulio mkali kuliko wa kawaida. Mmoja hunusa harufu ya kitu kinachoungua, na hapana moto. Mwingine huhisi ladha chungu ulimini, na hajala kitu. Wa tatu huhisi kitu kikipanda kutoka tumboni hadi kooni. Yuko aonaye nuru za rangi zikichezacheza upande mmoja wa macho, yuko asikiaye mvumo au sauti, na yuko ashikwaye na hofu kuu isiyo na sababu. Wengine huona mahali pageni pamekuwa kama nyumbani kwao, au nyumbani kwao pamekuwa pageni. Na wengine huhisi ganzi na mchomo katika vidole vya mkono mmoja, ukipanda kidogo kidogo kuelekea begani. Mambo haya hudumu sekunde chache, pengine dakika moja au mbili. Kisha hukoma yenyewe, au fahamu hufunikwa na mtu akaanguka.

Elimu ya utabibu ina maelezo ya wazi juu ya jambo hili. Chembe za ubongo hufanya kazi yake kwa nguvu ndogo za umeme. Kifafa kinapoanza mahali pamoja, kundi la chembe hizo hufyatuka kwa wakati mmoja pasipo utaratibu, na kila sehemu ya ubongo husema kwa lugha yake. Fujo ikianza kisogoni, zinapokaa kazi za kuona, mgonjwa huona nuru. Ikianza upande wa juu panapopokea hisia za mwili, huhisi ganzi ya mkono au mguu. Ikianza ndani ya sehemu iliyo karibu na sikio, huja harufu, hofu, kupanda kwa tumbo na kumbukumbu za ajabu. Kwa hiyo hisia hizi zinazotangulia anguko ni shambulio lenyewe likiwa bado dogo, kabla halijaenea. Ainisho la kimataifa la mwaka 2017 liliziweka katika fungu la mashambulio ya sehemu moja ya ubongo ambayo mtu hupatwa nayo akiwa na fahamu zake.

Madaktari wa Ulaya huliita jambo hilo aura, neno la kale lenye maana ya upepo. Galen, tabibu wa karne ya pili, alisimulia habari za mvulana wa miaka 13 ambaye hisia yake ilianzia mguuni na kupanda mpaka kichwani, na za kijana mwingine aliyesema kwamba kilichopanda kilikuwa kama upepo wa baridi. Neno likatoka kinywani mwa mgonjwa, likaingia vitabuni, likadumu. Hapa mfasiri wa Kiswahili na ajihadhari. Akilitafsiri neno kwa neno atapata upepo, na wingi wa upepo ni pepo. Na pepo, kwa masikio ya walio wengi, si hewa itembeayo bali ni kiumbe amwingiaye mtu. Tafsiri iliyo sahihi kwa kamusi ingekuwa singizio jipya kwa mgonjwa. Kiswahili kina neno bora zaidi, nalo ni kionjo. Mtu aonjaye mchuzi jikoni amekwisha kuula mchuzi wenyewe, ingawa ni kidogo. Na aonaye kwa ulimi wake hana haja ya kusimuliwa na jirani. Kionjo ni sehemu ya kitu kile kile, na mwenye kukijua ni mwonjaji. Neno hilo lingemrudishia mgonjwa kiti cha shahidi.

Wala kumpa kiti hicho si fadhili tupu, kwa maana ushahidi wake umekwisha kupimwa na kuonekana kweli. Mwaka 1888 Daktari John Hughlings Jackson wa London alichapisha habari za mgonjwa aliyemwita Z, ambaye alikuwa tabibu pia. Z aliandika kwa mkono wake mwenyewe yale aliyoyahisi katika mashambulio yake, hasa ile hali ya kukumbuka jambo kwa nguvu bila kujua ni jambo gani. Alikufa mwaka 1894. Ubongo wake ulipochunguzwa, ilionekana sehemu ndogo iliyoharibika upande wa kushoto, mahali pale pale ambapo Jackson alikuwa akipahusisha na harufu, ladha na hali za namna ya ndoto. Taarifa ikatolewa mwaka 1898. Siku hizo hapakuwa na mashine ya kupiga picha ya ubongo wa mtu aliye hai. Palikuwa na mgonjwa aliyesema na tabibu aliyesikiliza, na wawili hao walifika mahali ambapo kisu kilikuja kufika baadaye.

Yanayohitajiwa London ili kupata elimu huhitajiwa Uluguru ili kuokoa uhai. Milima ya Uluguru huinuka nyuma ya mji wa Morogoro mpaka kupita mita 2,600 juu ya bahari. Mashamba ya Mgeta yamelazwa juu ya miteremko. Njia za Kinole, Matombo na Bunduki ni nyembamba, zina ukuta wa udongo upande mmoja na bonde upande wa pili. Mito hushuka kwa kasi kwenda kuijaza Ruvu. Baridi ya juu huwafanya watu wakae karibu na moto, na chakula cha nyumba nyingi hupikwa juu ya mafiga matatu yaliyo chini sakafuni. Katika nchi ya namna hii mahali pa kuangukia ni jambo kubwa kuliko kuanguka. Mtu yule yule, kwa shambulio lile lile, ataamka na vumbi usoni akiwa ameangukia uani, au hataamka akiwa ameangukia mtoni.

Sekunde thelathini za kionjo zatosha kwa mengi. Zatosha kwa mwanamke aliyejitwika ndizi kutua mzigo na kuketi upande wa mlima wa njia. Zatosha kwa mpishi kurudi nyuma hatua tano kutoka mafigani, na kwa mama kumpa mwenziwe mtoto aliyempakata. Zatosha kwa mvuvi au mtekaji maji kutoka majini, na kwa mkwezi kushuka mtini akiwa hajafika juu. Lakini zatosha kwa sharti moja tu, kwamba mgonjwa ajue maana ya anachokihisi, na kwamba akisema kwa sauti, “kinakuja,” walio karibu wajue la kufanya. Sharti hilo halina bei dukani. Watu wanaolikosa, wamelikosa kwa sababu ya maneno waliyofundishwa.

Wa kwanza wa kulaumiwa ni yule afundishaye kwamba kionjo ni salamu ya pepo. Kwake yeye harufu isiyo na moto ni dalili ya mgeni, sauti isiyo na msemaji ni madai ya mgeni, na hofu isiyo na sababu ni kuingia kwa mgeni. Akisema hivyo huwa amegeuza onyo kuwa mashtaka. Mgonjwa aliyekuwa na sekunde thelathini za kujiokoa huzitumia kuona haya na kujificha. Jambo hilo si la Waafrika peke yao. Kitabu cha Wayunani juu ya yale yaliyoitwa maradhi matakatifu, kilichoandikwa yapata miaka 400 kabla ya Kristo na kuhesabiwa miongoni mwa vitabu vya Hippocrates, kilisema kwamba wagonjwa waliozoea hujua mapema linalokuja, wakakimbia mbele za watu na kujifunika kichwa; na kwamba wafanyalo hilo hulifanya kwa haya, wala si kwa kumhofu mungu. Mwandishi yule aliwakatalia waganga wa zama zake kwamba maradhi haya ni ya mbinguni kuliko mengine. Imepita zaidi ya miaka elfu mbili, na mgonjwa bado hukimbia kujificha. Naye ajifichaye peke yake huanguka peke yake.

Hata hivyo haki itendeke kwa mganga wa jadi. Mara nyingi yeye huuliza. Humkalisha mgonjwa pamoja na mama yake na wajomba zake, akataka kujua harufu ilikuwa ya nini, sauti ilisema nini, na jambo lilianza saa ngapi. Mtu ambaye hakuna aliyemuuliza nyumbani wala shuleni huona kwa mara ya kwanza kwamba neno lake lina uzito. Ndiyo maana humrudia. Kosa la mganga liko katika hukumu, kwa sababu baada ya kuupokea ushahidi humpa mwingine umilki wake. Mgonjwa alisema, “nimehisi”, mganga hutafsiri, “umehisiwa.” Na tiba inayotoka katika tafsiri hiyo haiyafikii maradhi. Lugha imekwisha kutoa mfano wa jambo hili katika degedege la watoto. Mtetemeko wa homa kali, ambao mara nyingi hutokana na malaria, ulipewa jina la ndege, na jina likaleta ndege wa kufukuzwa mahali palipokuwa na homa ya kutibiwa.

Wa pili wa kulaumiwa ni msomi, na lawama yake ni nzito zaidi kwa sababu dawa anayo. Katika zahanati nyingi mgonjwa wa kifafa huulizwa mambo mawili: huanguka mara ngapi, na dawa zimekwisha lini. Jibu huandikwa, pakiti hutolewa, na mwingine huitwa. Akianza kusema habari za harufu au za ndoto aonazo akiwa macho, huambiwa aache mawazo. Hivyo zahanati ina dawa na haina sikio, na mganga ana sikio na hana dawa. Na mgonjwa wa Uluguru hutembea kati ya wawili hao kama mtu mwenye kipande cha hati mkono huu na kipande mkono ule, asiweze kuviunga. Msomi hulalamika kwamba watu hawaji hospitali. Angejiuliza kwanza wakija hukutana na nani.

Gharama ya kutosikiliza imepata kuandikwa katika mkoa huu huu, upande wake wa kusini. Ng'ambo ya bonde la Kilombero, katika wilaya ya Ulanga, iko milima ya Mahenge, nchi ya Wapogoro. Huko Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto, waliokuwa wakila na kulala mbali na wenzao kwa sababu watu waliamini kwamba mate na pumzi ya mgonjwa huambukiza. Aliyeanguka motoni aliweza kuachwa humo na watu waliompenda, kwa kuogopa kumgusa. Wagonjwa 164 wa kliniki ile walifuatiliwa baada ya miaka 30, na taarifa ikachapishwa mwaka 1992. Zaidi ya nusu walikuwa wamekwisha kufa, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni mashambulio yasiyokoma, maji na moto.

Mwaka huo huo zilichapishwa hesabu za uchunguzi wa vijiji 11 vya Ulanga, uliohusu watu zaidi ya 18,000: katika kila watu 1,000, wenye kifafa walikuwa 10.2, na katika baadhi ya vijiji idadi ilizidi hapo mara kadhaa. Uchunguzi mwingine juu ya mawazo ya watu wa vijijini Tanzania, uliotolewa mwaka 1993, ulionyesha kwamba 40.6 katika kila mia waliamini kifafa huambukiza, na 62.7 katika kila mia hawangemruhusu mtoto mwenye kifafa kwenda shule. Tangu hapo imeonekana mara nyingi kwamba vijiji vyenye usubi, ugonjwa uletwao na inzi wadogo wa mito yenye kasi, ndivyo vyenye kifafa kingi. Na dawa ya usubi imekuwa ikigawiwa Mahenge tangu miaka ya 1990. Sababu za maradhi basi zatafutwa mtoni na katika damu. Hakuna hata moja iliyopatikana katika mate ya mgonjwa.

Yako mapingamizi yanayostahili jibu. Husemwa kwamba si kila mwenye kifafa ana kionjo. Ni kweli. Shambulio lianzalo pande zote mbili za ubongo kwa mara moja huondoa fahamu kabla mtu hajaonja kitu, na wengine huonja lakini shambulio hufuta kumbukumbu yake. Pia kionjo kisichanganywe na uchovu au hasira ambayo baadhi ya wagonjwa huwa nayo saa nyingi kabla ya shambulio. Lakini tofauti hizi ni sababu ya kuuliza zaidi, kwa kuwa asiye na onyo huhitaji ulinzi wa namna nyingine, na daktari hawezi kuwatenga wawili hao bila kuwauliza. Husemwa tena kwamba mtoto mdogo hawezi kueleza. Mtoto ana mama. Mahenge, kule kusinzia kichwa kwa watoto, ambako hata chakula huweza kukuanzisha, kulionwa na wazazi kabla hakujaandikwa na daktari yeyote. Jilek-Aall alikuandika katika miaka ya 1960 kwa sababu alitazama yale ambayo wazazi walikuwa wakiyatazama.

Husemwa mwisho kwamba mgonjwa akiambiwa kionjo ni cha kweli atakitegemea na kuacha dawa. Hoja hii imesimama juu ya kichwa. Mtu anayefahamu kwamba harufu ile ni moto mdogo ndani ya ubongo wake ndiye mwenye sababu ya kumeza dawa ya kuuzima. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 70 hivi katika kila wagonjwa 100 wangeweza kuishi bila mashambulio kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Na fenobabito, iliyotumika Mahenge tangu mwanzo, ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa. Aachaye dawa mara nyingi ni yule aliyeambiwa kwamba adui wake ni pepo, kwa maana hakuna aliyemweleza kidonge kinapigana na nani.

Kazi iliyobaki ina mlango wake katika vyuo, tena vya lugha kama vya tiba. Muuguzi wa Mgeta hawezi kuuliza vizuri akiwa hana maneno ya kuulizia, na maneno hayo yapo katika vinywa vya wagonjwa, kwa Kiluguru, kwa Kipogoro na kwa Kiswahili cha mitaa ya Morogoro. Hayajakusanywa. Mwanafunzi anayetafuta jambo la kuandika na aende kuyakusanya: mtu huitaje hali ya kitu kupanda tumboni, huifananisha na nini harufu isiyo na moto, hutumia kitenzi gani ganzi inapotambaa mkononi. Orodha fupi ya maneno ya kweli, iliyobandikwa ukutani mwa zahanati, ingemfaa mgonjwa kuliko hotuba nyingi juu ya ujinga wa wanavijiji. Na shule, badala ya kumfukuza mtoto aliyeanguka, ingewafundisha wenzake mambo machache: wasikiapo “kinakuja” wamwondoe penye moto, maji na mwamba, wamlaze kiubavu, wasimtie kitu kinywani, wakae naye mpaka aamke, na shambulio likipita dakika tano, wampeleke hospitali bila kukawia.

Mwenye kifafa amekaa miaka mingi akizungumzwa na kila mtu katika nyumba yake mwenyewe. Jirani amemtolea jina, mganga amemtolea pepo, na msomi amemtolea pakiti. Bado hajatokea wa kumtolea kiti na kumwambia, “Sema, ulihisi nini?” Aliye na jibu la swali hilo yuko hai leo katika vijiji vya Uluguru, ameketi karibu na moto. Aulizwe kabla hajaangukia ndani yake.